Mchoro wa udahili ulioninyima alama

Wengi wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi, huogopa kukutana na mada ngeni: jinsi saruji inavyotengenezwa, maisha ya samaki tangu yai hadi ukubwani, ramani ya kijiji kabla na baada ya barabara kupita. Mimi nilipewa mada niliyoijua kuliko zote, na ndiyo iliyonitia hasara. Swali la kwanza la sehemu ya uandishi lilikuwa mchoro wa hatua za udahili wa chuo kikuu. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa katikati ya udahili: fomu nimeshajaza, vyeti nimeshatuma, na barua ya kukubaliwa kwa masharti imeshaingia kwenye barua pepe yangu. Sharti lililobaki lilikuwa mtihani huohuo.

Kwa asiyeufahamu, nieleze kidogo. IELTS ina aina mbili, ya kitaaluma na ya jumla, na vyuo vikuu kwa kawaida hutaka ile ya kitaaluma. Hakikisha hapo kabla ya kulipa, maana ada si ndogo, na cheti cha aina isiyotakiwa hakitakusaidia kitu. Stadi zinazopimwa ni nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 9, zikiwemo za nusu, kisha hutafutwa wastani. Chuo changu kilitaka wastani wa 6.5, na pasiwepo stadi iliyo chini ya 6.0. Kipande hicho cha mwisho nilikisoma juujuu.

Uandishi una dakika 60 na maswali mawili. La kwanza linataka maneno yasiyopungua 150. La pili, ambalo ni insha, linataka yasiyopungua 250. Karatasi yenyewe hukushauri utumie dakika 20 kwa la kwanza na 40 kwa la pili, na si ushauri wa bure, kwa sababu insha ina uzito mara mbili ya swali la kwanza. Katika mtihani wa kitaaluma, swali la kwanza ni la kueleza picha: grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua. Mazoezi yangu karibu yote yalikuwa ya grafu. Nilikuwa najua kusema "ilipanda kwa kasi", "ilishuka taratibu", "ilibaki palepale" kwa namna mbalimbali za Kiingereza, na nikajiona nimekamilika. Mchoro wa hatua hauna kinachopanda wala kinachoshuka. Nilikuwa nimeuruka kila nilipoukuta kitabuni.

Kusikiliza, kusoma na kuandika hufuatana bila mapumziko. Unapofika kwenye uandishi umeshajibu maswali 40 ya kusikiliza na mengine 40 ya kusoma, na kichwa kinavuma. Katika hali hiyo skrini ikafunguka, nikaona visanduku na mishale, na juu yake maneno ya udahili. Nilifurahi kama mtu aliyepewa jibu badala ya swali.

Maswali hayaruhusiwi kutoka chumbani, kwa hiyo mchoro wenyewe siuweki hapa. Nitaeleza mwingine niliojitungia baadaye kwa mazoezi, wa jamii ileile. Kisanduku cha kwanza: mwombaji anachagua kozi. Cha pili: anajaza fomu mtandaoni. Cha tatu: anaambatisha vyeti. Mshale unakwenda kwenye ofisi ya udahili, ambako kuna swali: nyaraka zimekamilika? Kama hazijakamilika, mshale unarudi kwa mwombaji. Kama zimekamilika, maombi yanakwenda kitivoni, na pembeni pameandikwa wiki 2 hadi 4. Kitivo kinaamua, na hapo njia zinagawanyika: kukataliwa, kukubaliwa moja kwa moja, au kukubaliwa kwa masharti. Aliyekubaliwa kwa masharti anatimiza sharti, kisha anaungana na aliyekubaliwa moja kwa moja. Wote wanathibitisha nafasi, wanalipa ada na kusajiliwa. Basi. Kwa kuutazama ni mwepesi kabisa, na mtoto wa sekondari angeuelewa.

Nilianza kuandika papo hapo. Sikupanga chochote, ningepanga nini, wakati mambo haya ndiyo maisha yangu ya mwaka mzima? Nikaandika kwamba kwanza unatakiwa kutafuta kozi inayolingana na malengo yako. Kisha unajaza fomu, na uwe makini kwa sababu jina likitofautiana na la pasipoti utapata taabu. Baada ya hapo unaomba barua za mapendekezo kwa walimu wako wa zamani, ambao wengine huchelewa kujibu. Halafu unafanya mtihani wa Kiingereza. Halafu viza. Nilipofika kwenye uamuzi wa kitivo nilieleza kwa kirefu habari ya kukubaliwa kwa masharti, maana kisanduku hicho nilikuwa naishi ndani yake. Nikamalizia kwa maoni kwamba mchakato ni mrefu na vyuo vingefanya vyema kuupunguza.

Maneno yalipita 250. Chini ya skrini kuna kihesabio cha maneno, na kila kilipopanda nilijisikia vizuri zaidi. Nilipotazama saa, zaidi ya nusu ya muda ilikuwa imekwenda. Insha, ile yenye uzito mara mbili, niliiandika mbiombio, ikaisha bila hitimisho la maana. Na bado nilitoka chumbani nikiamini kwamba uandishi ndio nilioufanya vizuri kuliko stadi zote.

Ukifanya kwa kompyuta, matokeo hutoka ndani ya siku chache. Kusikiliza 7.0, kusoma 7.0, kuzungumza 6.5, kuandika 5.5. Wastani 6.5. Kwa muda mfupi nilishangilia, kwa sababu jicho lilienda kwenye wastani. Kisha nikakumbuka kile kipande cha sharti nilichokisoma juujuu. Nilifunga kompyuta nikalala mchana kweupe. Kilichoniuma zaidi ya ada ni aibu: nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba Kiingereza si tatizo langu.

Jambo moja ambalo watu hawakutayarishi nalo ni kwamba hakuna anayekuambia kwa nini. Unapewa namba tu. Hakuna karatasi iliyosahihishwa, hakuna mstari mwekundu. Unaweza kuomba jibu lisahihishwe upya ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani, kwa malipo ambayo hurudishwa alama ikibadilika. Niliwaza sana kufanya hivyo. Kabla ya kulipa nilikaa nikaandika upya jibu langu la swali la kwanza kadiri nilivyolikumbuka, nikachora na mchoro, nikampelekea mama mmoja aliyefundisha Kiingereza miaka mingi na sasa amestaafu. Nilitaka aniambie kwamba nimeonewa.

Alisoma kimya, kidole chake kikienda kwenye jibu na kurudi kwenye mchoro.

"Barua za mapendekezo ziko wapi humu?"

"Kwenye mchoro hazipo, Mwalimu. Lakini lazima ziwepo, vyuo vinazitaka."

"Sijakuuliza vyuo vinataka nini, mwanangu. Nimekuuliza ziko wapi."

Akaendelea hivyohivyo. Viza iko wapi? Walimu wanaochelewa kujibu wako wapi? Na huyu "wewe" unayemwambia ajaze fomu kwa makini ni nani? Alipomaliza, alikata kwa kalamu kila kitu ambacho hakikutoka kwenye mchoro. Karibu nusu ya jibu ilikwenda. Katika nusu iliyobaki, akanionyesha kwamba mshale wa kurudisha fomu zisizokamilika sikuutaja kabisa. Mimi nyaraka zangu hazikuwahi kurudishwa, kwa hiyo jicho langu liliupita mshale huo kana kwamba haupo.

Sikuomba kusahihishiwa upya.

Niliyojifunza kwake katika wiki zilizofuata nayaandika hapa kwa namna yangu, si kwa mpangilio wake. La kwanza nimeshaligusa: swali halipimi kama unajua udahili. Maelekezo yake hukutaka utoe muhtasari wa habari zilizomo kwa kuchagua mambo makuu na kulinganisha inapofaa. Msahihishaji ana mchoro uleule mbele yake. Kila unachoongeza kutoka kichwani mwako hakimsaidii kuona kwamba umeusoma, na kila unachokiacha anakiona. Ndiyo maana mada unayoijua ni ya hatari kuliko usiyoijua. Mtu aliyepewa mchoro wa saruji hana cha kuongeza, atabaki kwenye visanduku apende asipende. Ukipewa udahili na wewe ni mwombaji, inabidi ujizuie. Maoni yako yaweke akiba kwa insha, ambayo kweli huyataka.

La pili ndilo nadhani liliniumiza zaidi kwa upande wa alama, ingawa siwezi kulithibitisha: sikuandika sentensi za taswira ya jumla. Vigezo vya usahihishaji wa uandishi vimechapishwa wazi na mtu yeyote anaweza kuvisoma. Mimi nilivisoma baada ya kufeli. Katika swali la kwanza, jibu linaloorodhesha hatua moja baada ya nyingine bila picha ya jumla hubaki kwenye ngazi ya 5 kwa kigezo hicho, hata kama hatua zote zimetajwa. Sentensi mbili au tatu zinatosha, na mahali pake pazuri ni mara baada ya utangulizi. Kwa mchoro wangu wa mazoezi ningesema hivi: mchakato huanza kwa mwombaji kuchagua kozi na huishia kwenye usajili, maombi huchujwa mara mbili, kwanza na ofisi kisha na kitivo, na uamuzi wa kitivo huweza kuwa wa namna tatu, mmojawapo ukiwa ndio mwisho wa safari kwa mwombaji. Humo hakuna wiki 2 wala wiki 4. Hizo zina nafasi yake kwenye aya za maelezo.

Sasa kuhusu aya za maelezo. Nilizoea kufuata mshale: kisha, halafu, baada ya hapo, kisha tena. Mwalimu aliniuliza, "Katika mchoro huu nani anafanya kazi?" Nikahesabu: mwombaji, ofisi, kitivo. "Basi gawa kwa wanaofanya kazi, au gawa pale njia zinapogawanyika." Tangu siku hiyo kila mchoro wa hatua ninaukata mahali pamoja kabla ya kuandika neno lolote. Katika huu wa udahili, aya moja inachukua kuanzia kozi hadi ukaguzi wa nyaraka pamoja na mshale wa kurudi, na nyingine inachukua uamuzi wa kitivo hadi usajili. Kukata huko huchukua dakika mbili au tatu, na ndizo dakika nilizozidharau siku ya mtihani.

Mahali njia zinapogawanyika ndipo penye alama za sarufi. Mchoro ulionyooka hauna mengi ya kusema zaidi ya mfuatano, lakini udahili una "kama" na "la sivyo" kila kona. Hapo ndipo unapotumia "if", "unless", "otherwise", "once", "whereas", na hapo ndipo maneno ya maelekezo yanayosema ulinganishe yanapopata maana hata kama hakuna takwimu. Mwalimu alinipa sentensi moja ya mfano ambayo niliikariri kwa umbo lake, si kwa maneno yake: "Incomplete applications are returned to the applicant, whereas complete ones are passed on to the faculty." Sentensi moja imebeba ukaguzi mzima na njia zake mbili. Mimi nilikuwa nimetumia sentensi nne kwa jambo hilohilo, tena kwa upande mmoja tu.

Kwenye kauli ya kutendwa, mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo hatuitumii. Mchakato kwa Kiingereza huelezwa kwa wakati uliopo wa kawaida na, palipo na kazi ya mtu asiyehitaji kutajwa, kwa kauli ya kutendwa. Sisi tunaye "hu-" na tunaye "-wa": fomu hujazwa, vyeti huambatishwa, maombi hukaguliwa, barua hutumwa. Mwalimu alinifanyisha zoezi la kusimulia mchoro mzima kwa mdomo, kwa Kiswahili, nikitumia "hu-" tu, kabla ya kugusa Kiingereza. Kila nilipoteleza nikasema "unajaza" alinikatisha. Baada ya hapo "the form is filled in" na "the documents are checked" zilikuja zenyewe, na yule "wewe" wa kupewa mawaidha akatoweka. Wakati uliopita pia ulitoweka. Katika jibu langu la kwanza ulikuwa umejipenyeza kila nilipokumbuka yaliyonipata mimi.

Lakini lugha yetu hutuwekea mitego pia. Yeye wetu hana jinsia, na kwa Kiingereza nilikuwa naanza na "he", aya ya pili namgeuza "she", mwombaji yuleyule. Dawa ni kuandika kwa wingi, "applicants", ukafuatisha "they" hadi mwisho. Tumezoea pia kusema "fomu yenyewe inajazwa", na kwa Kiingereza ikawa "the form it is filled", viima viwili mahali pa kimoja. Kuna "informations" na "advices", ambazo hazipo. Na kuna vile vijineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina, na mimi nilikuwa naviweka kwa kubahatisha. Kanuni niliyoishika ni ya mchoro tu, si ya lugha nzima: kitu kinapotajwa mara ya kwanza na kiko kimoja kati ya vingi, "an application", kikishatajwa, kuanzia hapo ni "the application". Haikunifanya Mwingereza, ila ilinipunguzia makosa ya kizembe.

Mambo madogo nayapitia haraka. Usinakili maneno ya swali katika utangulizi, kwa sababu yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa yako. Badilisha muundo wa sentensi, si kutafuta visawe vya ajabu. Usiandike kwa nukta za orodha, jibu linatakiwa liwe la aya. Usitangaze idadi ya hatua kama mchoro unatatanisha: je, swali la ofisi ni hatua au si hatua? Ukisema nane na msahihishaji akahesabu tisa umejitafutia ubishi usio wa lazima. Sema hatua kadhaa. Kwenye kompyuta hakuna kisahihisha tahajia, kwa hiyo "receive" na "committee" zifanyie mazoezi kwa mkono wako mwenyewe. Maneno 170 hadi 190 yanatosha kabisa. Kihesabio cha maneno si rafiki yako kikishapita hapo.

Kuhusu muda, niseme kwa ukali kidogo kwa sababu naona vijana wanadanganyana. Kuna wanaosema anza na insha kwa kuwa ina uzito zaidi. Wengine wanakataa. Mimi nimejaribu zote mbili kwenye mazoezi na kwangu haikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni kuacha swali la kwanza dakika ya 20 inapofika, limekamilika au halijakamilika. Kuacha jibu ambalo unaweza kuliboresha kunauma sana, hasa mada ikiwa ni yako. Nilijifunza kwa kuweka kengele na kuondoa mkono kwenye kibodi inapolia, hata katikati ya neno.

Ninyi mnaofanya mitihani mingine ya Kiingereza msidhani haya hayawahusu. TOEFL haina swali la kuandika kuhusu mchoro wa namna hii, lakini PTE Academic ina sehemu ya kuzungumza ambapo unaonyeshwa picha, unapewa sekunde 25 za kuitazama na 40 za kuieleza, na picha hiyo inaweza kuwa mchoro wa hatua. Kwa sekunde 40, taswira ya jumla ndiyo karibu jibu zima.

Nilirudia mtihani. Ipo siku hizi nafasi ya kurudia stadi moja tu, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa awali, kwa waliofanya kwa kompyuta. Si kila kituo kinaitoa na si kila chuo kinaikubali, na chuo changu kiliponijibu kwamba hakiikubali ilibidi nirudie zote nne na kulipa ada yote upya. Hiyo ndiyo sehemu niliyoilipa kwa machungu. Stadi ambazo nilikuwa nimeshazipita zilinitia wasiwasi mpya: je, kusikiliza kukishuka? Nilitaka kuzifanyia mazoezi zote kwa usawa, Mwalimu akanizuia. Akasema nizipe muda wa kutosha kutoota kutu, nguvu zangu niziweke kwenye uandishi.

Safari hiyo swali la kwanza lilikuwa grafu. Nilitabasamu, maana nilikuwa nimechora mishale na visanduku mpaka navyo vikanizoea. Lakini nilianza kwa kutafuta taswira ya jumla, nikaikata grafu vipande viwili, sikuongeza sababu ambazo haikuzionyesha, na dakika ya 20 nikaacha. Kuandika kukawa 6.5. Kusikiliza kulishuka kwa nusu alama, na hakukuwa na madhara.

Upande wa chuo, jambo la kwanza ambalo ningelifanya tofauti ni tarehe. Nilikuwa nimepanga mtihani karibu sana na siku ya mwisho ya kutimiza masharti, kwa hesabu kwamba nitafaulu. Baada ya 5.5 nilibakiwa na nafasi finyu: kutafuta kituo chenye tarehe iliyo wazi, kufanya, kusubiri matokeo, na kuyafikisha chuoni. Niliandika barua pepe kwa ofisi ya udahili kuomba siku za nyongeza, nikiwa nimejiandaa kwa jibu baya, na wakanipa. Wengi huogopa kuandika. Andika mapema, eleza kwa ufupi, ambatisha uthibitisho kwamba umeshajisajili kurudia, na usisimulie maisha yako yote. Panga mtihani wa kwanza mapema kiasi kwamba kama utaharibika, wa pili uingie bila kumwomba mtu. Kumbuka tu kwamba matokeo hudumu miaka 2 tangu tarehe ya mtihani, kwa hiyo mapema kupita kiasi nako kuna gharama kama masomo yenyewe yataanza mwaka mwingine.

Kabla ya yote, kiulize chuo kama unahitaji mtihani. Baadhi huwasamehe waliosoma shahada kwa Kiingereza, wakileta barua ya chuo chao cha awali inayothibitisha lugha ya kufundishia. Vingine hukataa barua hiyo. Jibu la rafiki yako halina thamani hapa, hata kama anakwenda chuo hichohicho, kwa sababu kozi moja huweza kutaka alama za juu kuliko nyingine ndani ya chuo kimoja. Sheria na uuguzi mara nyingi ziko juu.

Matokeo yakitoka, usitosheke kutuma picha ya cheti. Vyuo huyathibitisha moja kwa moja mtandaoni kwa kutumia namba iliyo kwenye fomu ya matokeo, na wakati wa kujisajili unaweza kuchagua vyuo vitakavyotumiwa. Angalia kama jina ulilojisajilia linafanana herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti na la kwenye maombi. Langu lilikuwa na jina la kati upande mmoja na halikuwa nalo upande mwingine, na barua yangu ya kukubaliwa bila masharti ilikaa siku kadhaa ikisubiri mtu afungue faili na kuona kwamba hao wawili ni mtu mmoja.